Draivu au vali, mkongo au setilaiti: kuchagua mfumo wa kuendesha kituo cha pampu za mafuta

Wauzaji wa mifumo ya udhibiti hupenda kuanza na skrini: ramani ya bomba zima, pampu za kijani na nyekundu, grafu zinazopanda na kushuka. Anayeandika masharti ya zabuni afadhali aanzie kwingine. Chukua kituo kimoja, kata mawasiliano yake yote huku pampu zikizunguka, kisha uliza: katika dakika mbili zijazo kitatokea nini? Kituo kinachoweza kujilinda kikiwa peke yake kimeshamaliza nusu ya mtihani. Nusu nyingine ni gharama.

Mifano mingi hapa ni ya mabomba ya kwetu, kwa sababu yanatofautiana vya kutosha kuonyesha kwa nini jibu moja haliwafai wote. Njia ya bomba ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kazi 1978, hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 na hupitisha petroli, dizeli na mafuta ya ndege kwa zamu. TAZAMA, la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, ni la 1968. EACOP, kutoka Kabaale huko Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, kipenyo cha inchi 24 na vituo sita vya pampu, viwili Uganda na vinne Tanzania. Mafuta yake ghafi yana nta nyingi, kwa hiyo bomba limeundwa kupashwa joto njia nzima.

Uamuzi ufanyike makao makuu au kituoni?

Ndani ya bomba la chuma lililojaa dizeli, wimbi la presha husafiri takribani kilomita moja kwa sekunde. Vituo viwili vikiwa umbali wa kilomita 100 na pampu za kituo cha mbele zikazimika ghafla, kituo cha nyuma kitahisi baada ya sekunde 100 hivi. Kule kwenye kituo kilichozimika hakuna subira hiyo: kila mita moja kwa sekunde ya mwendo wa mafuta inayosimamishwa hupandisha presha ya upande wa kuvuta (mafuta yanakoingilia pampu) kwa karibu bar 9, papo hapo. Hakuna opereta wa makao makuu atakayesoma kengele, akaelewa na kubonyeza kabla ya hapo.

Kwa hiyo ulinzi wote ukae kituoni. Makao makuu yaachiwe kazi ambayo kituo hakiwezi kuifanya, yaani kuwaambia majirani. Ujumbe wa "kituo cha mbele kimezimika" hufika kituo cha nyuma kwa sekunde chache, kikapunguza kasi ya pampu zake kabla wimbi halijawasili. Ukinunua mfumo wa kati, hiyo ndiyo faida kubwa unayoilipia, kuliko rangi za ramani.

Kituoni kwenyewe, udhibiti wa kawaida una vidhibiti vitatu vinavyogombea usukani mmoja. Cha kwanza hulinda presha ya upande wa kuvuta isishuke. Cha pili hulinda presha ya upande wa kusukuma isipande. Cha tatu hulinda mkondo wa umeme wa mota. Kila kimoja hutoa namba kati ya 0 na 100, na ndogo kuliko zote ndiyo inayopelekwa kwenye vali ya kubana au draivu (kifaa cha umeme kinachobadili kasi ya mota).

Kosa linalojirudia ni kuacha vile viwili vilivyoshindwa vijilimbikizie. Kidhibiti cha upande wa kuvuta kikikaa saa nzima bila usukani, hesabu yake hupanda hadi 100 na kubaki hapo. Presha ikianza kushuka, kitatumia sekunde nyingi kuteremka kutoka 100 hadi mahali ambapo kingeanza kubana, na kabla hakijafika, swichi ya presha ndogo imeshazima pampu. Dawa ni kukipa kila kidhibiti namba iliyoshinda ili kiendelee kusimama karibu nayo. Dai hilo liandikwe kwenye masharti kwa maneno, maana kwenye mchoro halionekani.

Kuhusu seva za makao makuu, kuna funzo la Bellingham, jimbo la Washington, la tarehe 10 Juni 1999. Bomba la inchi 16 lilipasuka, galoni zipatazo 237,000 za petroli zikamwagika, watu watatu wakafa. Bomba lilikuwa limejeruhiwa zamani na mashine ya kuchimba, na vali ya kupunguza presha haikuwa imewekwa sawasawa. Lakini uchunguzi ulikuta pia kwamba siku hiyo watu walikuwa wakiingiza rekodi mpya kwenye hifadhidata ya mfumo uleule uliokuwa ukiendesha bomba, ukaganda wakati opereta anauhitaji. Bei ya seva ya tatu ya kufanyia majaribio ni ndogo. Inunue.

PLC, RTU au DCS?

Hapa maneno si mengi. Kituo cha pampu kinafaa PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mashine) pacha, moja ikiongoza na nyingine ikifuata hatua kwa hatua tayari kushika. DCS (mfumo mkubwa wa vidhibiti vingi vilivyounganishwa kuendesha mtambo mzima) inafaa zaidi kwenye ghala la matangi lenye mamia ya vali na upimaji wa mauzo. Ukiiweka kwenye kituo cha pampu tatu, unalipia leseni usizozihitaji. RTU (kifaa cha mbali cha kutuma vipimo na kupokea amri) ni ya vali za njiani, ambako hakuna umeme wala mtu.

Tofauti inayowaponyoka wengi ni lugha ya mawasiliano. Modbus hutoa thamani ya sasa tu. Kiungo kikikatika dakika 20, yaliyotokea ndani ya dakika hizo yamepotea. DNP3 na IEC 60870-5-104 huweka kila tukio na saa yake, kisha huyamwaga yote kiungo kikirudi. Mnapobishana kesho yake kuhusu vali ipi ilianza kufunga, saa hizo ndizo ushahidi pekee, mradi vituo vyote vinachukua saa kutoka chanzo kimoja.

Kwa RTU ya porini, piga hesabu ya sola mwenyewe. Tuseme RTU, redio na vipimo vinakula wati 40 kwa jumla. Kwa saa 24 ni watisaa 960. Ukitaka siku tano bila jua, ni watisaa 4,800, sawa na ampeasaa 200 kwa volti 24. Betri za risasi zisishushwe chini ya nusu, kwa hiyo nunua ampeasaa 400. Paneli ya wati 400 itairudisha betri taratibu baada ya siku za mawingu. Ya wati 275 itatosha kulisha mzigo tu na betri haitajaa tena msimu wa masika. Mota ya vali haimo kwenye hesabu hii.

Draivu ya kubadili kasi au vali ya kubana?

Huu ndio uamuzi wenye pesa nyingi kuliko yote, na ndio unaoharibiwa na mfano mmoja unaopendwa na wauzaji: "punguza kasi hadi asilimia 80, umeme unashuka hadi asilimia 51." Kanuni yenyewe ni ya kweli, kwa kuwa nguvu hufuata kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu. Ila ni ya kweli pale ambapo pampu inapigana na msuguano tu. Bomba linalopanda mlima lina deni jingine ambalo halipungui hata mafuta yakienda polepole: mwinuko.

Tuchukue pampu inayotoa mita 600 za kimo (urefu ambao inaweza kuyainua mafuta) kwa mtiririko kamili, na mita 720 vali ikiwa imefungwa. Tunataka asilimia 70 ya mtiririko.

Ukiiacha kwa kasi kamili na kubana kwa vali, pampu itatoa mita 661, na nguvu itakuwa karibu asilimia 77 ya ile ya mtiririko kamili. Nchi ni tambarare au ni mlima, namba hiyo ni ileile.

Kwa draivu kwenye tambarare, ambako mita zote 600 ni msuguano, kasi inashuka hadi asilimia 70 na nguvu hadi 34. Umeokoa zaidi ya nusu ya umeme ambao vali ingekula.

Kwa draivu kwenye mwinuko, ambako mita 400 ni kupanda na 200 ni msuguano, kasi haiwezi kushuka chini ya asilimia 88, na nguvu inabaki 58. Umeokoa robo tu. Tena ukishusha kasi hadi asilimia 74, mafuta hayasogei kabisa: pampu inazunguka, inachemsha mafuta yaleyale, na vali ya njia moja imefunga. (Ufanisi wa pampu na mota nimeuacha nje; hausogezi picha.)

Mtu anayechagulia vituo vya Maungu au Mtito Andei, ambako njia yote inapanda kuelekea Nairobi, asitumie hesabu za bomba la jangwani.

Upande wa vali una faida ambazo hazitajwi sana. Fundi wa kawaida ataifungua, ataibadilishia sili na kuirudisha siku hiyohiyo. Haijali umeme ukiyumba. Ubaya wake ni kelele, kuliwa kwa kiti chake kunakoanza pale tofauti ya presha inapokuwa kubwa, na bili ya umeme ya kila mwezi.

Draivu nayo ina mahitaji yake. Ikipoteza asilimia 3 ya megawati 2, hizo ni kilowati 60 za joto ndani ya chumba kimoja, mchana na usiku, na kiyoyozi kikifa draivu inajizima baada ya muda mfupi. Juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari hewa ni nyepesi, haipozi vizuri, na uwezo wake lazima upunguzwe kwa jedwali la mtengenezaji. Vumbi ni adui mwingine. Kubwa zaidi ni umeme wa gridi kuzama kwa sehemu ya sekunde: mota iliyounganishwa moja kwa moja mara nyingi huvumilia, draivu hukata. Dai kwenye masharti kwamba iweze kuidaka tena mota ingali ikizunguka, na dai majaribio yake.

Kama kituo kina pampu tatu mfululizo, chaguo ambalo kwa kawaida hushinda ni la mchanganyiko: draivu moja kwa pampu moja, mbili zikienda kwa kasi kamili, na vali ya kubana ikibaki wazi kama akiba ya siku draivu ikilala.

Jambo moja la wanaopitisha mafuta ya aina mbalimbali. Pampu hutoa kimo, haitoi presha. Mita 600 za petroli ni bar 44 hivi. Mita hizohizo za dizeli ni bar 49. Mpaka wa bechi (pale aina moja ya mafuta inapoishia na nyingine kuanza) ukipita kwenye pampu, presha ya kutoka hubadilika kwa bar 5 hadi 6 bila mtu kugusa kitu. Kidhibiti kilichopangwa siku ya petroli kitazimisha kituo siku ya dizeli. Kipima msongamano kiwekwe kilomita chache kabla ya kituo ili mabadiliko yajulikane mapema.

Kipima presha kimoja au vitatu?

Kwa kuonyesha namba kwenye skrini, kimoja kinatosha. Kwa kuzima pampu, kuna njia tatu. Kimoja pekee kikiharibika, ama hakizimi inapotakiwa ama kinazima bure. Viwili, chochote kikisema "zima" pampu inazimika: salama zaidi, lakini uzimaji wa bure unaongezeka. Vitatu, viwili vikikubaliana ndipo pampu inazimika: salama, na kimoja kinaweza kufanyiwa matengenezo bila kusimamisha kazi. Kwenye bomba la mafuta yenye nta kama EACOP, ambako kila kusimama kuna gharama ya joto na hatari ya mafuta kuganda, vitatu vinajilipa. Kwenye bomba la dizeli ambalo huwashwa tena kwa robo saa, viwili vinaweza kutosha.

Kura ya vipima vitatu hupotea bure vikichomekwa kwenye tundu moja la bomba. Fundi akifunga vali ndogo ya tundu hilo kwa matengenezo akasahau kuifungua, vipimo vyote vitatu vitakubaliana kwa furaha juu ya presha ya jana. Matundu matatu, vali tatu. Na mwambie opereta hivi: presha halisi hutetemeka kidogo wakati wote, mstari ulionyooka kama uzi kwenye grafu ni mrija ulioziba.

Waya nao una ujanja wake. Kipimo cha bar 0 hadi 100 hutuma miliampia 4 hadi 20, na waya ukikatika hufika sifuri. Programu iliyoandikwa kivivu itaisoma sifuri hiyo kuwa bar hasi 25. Upande wa kuvuta, hilo litazima pampu, na hakuna aliyeumia. Upande wa kusukuma, ambako tunaogopa presha kubwa, programu itaona presha ni ndogo mno na haitazima kamwe. Kwa hiyo chochote chini ya miliampia 3.6 au juu ya 21 kihesabiwe kuwa hitilafu na kihesabiwe kura ya "zima".

Mfumo wa kuzima dharura uwe na kidhibiti chake, umeme wake na vipimo vyake, mbali na PLC ya uendeshaji. Hapo sioni cha kulinganisha.

Mawasiliano

| Njia | Kuchelewa | Inapoangukia | Inafaa |
|---|---|---|---|
| Mkongo uliozikwa kando ya bomba | Milisekunde chache kwa kilomita 450 | Tingatinga, mmomonyoko | Njia kuu ya bomba jipya |
| Redio ya mikrowevu | Milisekunde | Minara: radi, wizi wa betri na dizeli | Bomba la zamani lisilo na mkongo |
| Setilaiti ya obiti ya mbali | Zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi | Mvua kubwa | Akiba |
| Mtandao wa simu | Hubadilika | Msongamano, mnara kuzimika | Vali za njiani, akiba |

Nusu sekunde ya setilaiti huwatisha watu bila sababu. Kama ulinzi uko kituoni, ucheleweshaji huo si kitu. Tatizo halisi ni akiba kupita njia moja na ile kuu: tingatinga linalokata bomba hukata na mkongo ulio mita moja kando yake, na hapo ndipo unapouhitaji kuliko siku zote. Akiba ya mkongo isiwe mkongo wa pili ndani ya mtaro uleule.

Kugundua mafuta yanavuja

Kulinganisha kinachoingia na kinachotoka ndiyo njia rahisi, na hudanganywa na mafuta yanayojibana ndani ya bomba. Kilomita 100 za bomba la inchi 20 hubeba karibu mita za ujazo 18,800. Pandisha presha yake kwa bar 10, na mita za ujazo kati ya 15 na 20 zaidi zitaingia bila hata tone kutoka. Mfumo usiohesabu hilo utapiga kengele kila pampu inapowashwa, na baada ya wiki mbili opereta ataizoea. Modeli inayokokotoa presha na joto kwa kila kipande cha bomba hurekebisha hilo, ila inategemea vipimo vizuri na mtu wa kuitunza.

Kusikiliza wimbi la presha linaloshuka ni haraka zaidi: hukamata mpasuko kwa dakika chache na hukadiria mahali. Mwizi anayefungua vali yake polepole haachi wimbi la kusikika. Hapo nyuzi za mwanga za mkongo hushinda, kwa kuwa husikia jembe na drili kabla bomba halijatobolewa. Zinasikia na ng'ombe, malori na treni pia, kwa hiyo tenga miezi ya kuzifundisha.

Ukubwa wa uvujaji unaodaiwa kugunduliwa uandikwe pamoja na muda. "Asilimia moja" haina maana peke yake. Kwenye bomba la mapipa 216,000 kwa siku, asilimia moja ni zaidi ya mita za ujazo 14 kwa saa. Ikigunduliwa kwa saa 2 ni matangi mawili madogo. Kwa saa 24 ni takribani mita za ujazo 340 ardhini.

Mashine ikigundua, bado kuna mtu. Marshall, Michigan, 25 Julai 2010, bomba la inchi 30 lilipasuka. Kengele zililia katika chumba cha udhibiti huko Edmonton, zikatafsiriwa kuwa ni pengo la mvuke ndani ya bomba, na pampu zikawashwa tena mara mbili. Zilipita zaidi ya saa 17 kabla ya mpasuko kutambuliwa, na aliyewapigia simu alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya gesi ya pale. Ndiyo maana sharti la kununua mfumo wowote ni kanuni iliyofungwa kwenye programu: kengele ya uvujaji isipoelezwa kwa dakika 10, bomba linazimwa, na kuwasha tena kunahitaji saini ya mtu asiye wa zamu hiyo.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho

Nenda kiwandani kwa mtengenezaji na orodha fupi. Chomoa waya wa kipima presha cha upande wa kusukuma, uone kama pampu ya kuigiza inazimika au inaendelea. Zima PLC inayoongoza katikati ya kuwasha pampu. Vali isicheze zaidi ya asilimia moja au mbili. Chomoa mkongo kwa dakika 30, badilisha hali ya vali tano, urudishe, kisha hesabu kama matukio yote matano yamefika na saa zake sahihi. Jaribu kuingia kwenye mtandao wa kituo ukitokea kompyuta ya ofisi: Mei 2021 Colonial Pipeline ilisimamisha bomba la takribani kilomita 8,850 baada ya wadukuzi kuingia kwa akaunti ya mbali isiyo na uthibitisho wa pili, japo waliofungiwa mafaili walikuwa watu wa ofisini. Mwisho, dai programu yote ya PLC pamoja na maelezo yake na nywila, kwenye diski, mkononi, kabla fundi wao hajapanda ndege.